Safari ya Dada Wawili Kariakoo

Katika likizo kuu ya mwaka 2024 tulifika Dar es Salaam. Hatukwenda kwa kazi ya shule, wala kwa kutazama bahari, ijapokuwa bahari tuliiona. Tulikwenda kuwasindikiza dada zetu wawili waliotaka kununua vikwembe na vitu vingine vya nyumbani. Tangu turudi watu wengi wametuuliza: mji ule ukoje? Bei zikoje? Mlipita njia gani? Tutajibu hapa kwa kadiri tulivyoona. Tena tutasimulia neno lililotupata katika mtaa mmoja, maana bila neno hilo safari yetu ingalikuwa ya kununua vitambaa tu.

Yafaa kwanza mjue kwa nini walikwenda wawili. Mama yetu alifariki Kalemie katika Septemba 2023, baada ya ugonjwa wa miezi saba. Mdogo wetu, ambaye ni mshonaji, alikaa naye miezi ile yote. Alimwogesha, alimlisha, alilala chini kando ya kitanda chake. Yaya, yaani dada yetu wa kwanza, ameolewa Lubumbashi na huko anauza nguo sokoni. Alituma fedha mara mbili, kisha akanyamaza, na hakufika ila kwa maziko. Tangu siku hiyo palikuwa na kitu kati yao. Hawakutukanana, la. Walisalimiana vizuri, kama watu wanaokutana ofisini. Nasi tulio katikati yao kwa kuzaliwa tulijikuta katikati yao kwa maneno pia, tukipeleka habari za huyu kwa yule kwa simu, na za yule kwa huyu, hata tukachoka.

Sasa siku ya kuondoa matanga ilikuwa inakaribia. Ninyi mnajua desturi: siku hiyo binti na wajukuu wa marehemu huvaa kikwembe cha namna moja. Tulipohesabu wanawake wetu tuliwapata 24. Yaya akasema atanunua Lubumbashi na kutuma. Mdogo wetu akasema hapana, kwa sababu yeye ndiye anayejua rangi alizopenda mama. Maneno yakaenda na kurudi wiki tatu. Mwisho tuliwaambia wote wawili: nendeni pamoja kule kunakotoka vitambaa vyenyewe, mkachague kwa macho yenu, nasi tutawasindikiza. Yaya akaja Kalemie kwa ndege.

Safari yenyewe hatutaieleza kwa urefu. Usiku mmoja ziwani, kilometa zaidi ya 100, upepo mkali na mtoto wa jirani aliyetapika juu ya viatu vyetu. Asubuhi tulikuwa Kigoma. Njia hii si ngeni kwa watu wa Kongo. Wajerumani walifikisha reli yao Kigoma mwaka 1914, na miaka miwili baadaye askari wa Kongo ya Wabelgiji waliuteka mji huo, wakaendelea hata Tabora, wakaiingia katika Septemba 1916. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi wengi mno, na majina yao hayakuandikwa kama yale ya maofisa. Vita vilipokwisha, kwa mapatano ya mwaka 1921, Wabelgiji walipewa mahali pao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo ipite, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Mahali pale pakaitwa Belbase. Basi muda mrefu kabla ya wachuuzi wa leo, mizigo ya kwetu ilikwisha kuzoea kupita huko.

Kutoka Kigoma tulipanda basi hata Dodoma, kisha tukaingia katika treni mpya ya umeme iliyokuwa imeanza kufika mji huo wiki chache tu kabla yetu. Gari lenyewe ni jepesi na kimya, nalo lilitufikisha Dar es Salaam kwa muda mfupi kuliko tuliopoteza kungoja chakula Kigoma. Katika basi na katika treni dada zetu walituweka katikati. Mmoja alitazama dirisha la kushoto, mwingine akalala upande wa kulia.

Mtu atokaye Kongo akifika Dar es Salaam kwa kununua vitu, haulizi njia sana: huenda Kariakoo. Jina hili halikutoka katika lugha ya Waswahili. Katika vita ile ya kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, na kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Mahali walipopiga kambi watu wakapaita Kariakoo. Wapagazi wale wamekwisha kufa, lakini kazi yao haikwisha. Tangu saa moja ya asubuhi utaona vijana wenye marobota vichwani na mabegani, wengine wakivuta mikokoteni, wakipaza sauti ili watu wawapishe, na wasiowapisha wanasukumwa bila kuombwa radhi.

Katikati ya mitaa iko nyumba kubwa ya soko, iliyojengwa katika miaka ya 1970. Aliyeichora ni Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake limefanywa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, ili maji ya mvua yakusanyike. Nyumba hiyo iliungua katika Julai 2021, na tulipopita matengenezo yalikuwa hayajaisha. Lakini msidhani kwamba Kariakoo ni nyumba ile tu. Kariakoo ni mitaa yote inayoizunguka, ghorofa kwa ghorofa, na kila mlango ni duka, na mbele ya duka kuna meza, na mbele ya meza kuna mtu aliyetandika nguo zake chini. Wachuuzi hao wadogo huitwa machinga. Tuliwasikia wateja wakisema Kiswahili cha Komoro, cha Burundi na cha Zambia. Mmoja wa machinga alipotusikia sisi tukisema, alicheka akaita, «Wakongo hao! Karibuni mtaa wenu!»

Hakukosea. Mtaa unaosongwa na watu kuliko yote kwa nguo unaitwa Mtaa wa Kongo. Mdogo wetu alisimama chini ya kibao akaomba picha. Yaya akasema, «Tumekuja kununua au kupigwa picha?» Lakini yeye naye aliingia katika picha, pembeni.

Siku ya kwanza walitembea tu na kuuliza bei. Hilo tunalisifu, na tunawashauri wote watakaokwenda wafanye hivyo. Dola moja ilibadilishwa kwa shilingi karibu 2,700, na mgeni asiyezoea zile sifuri hujiona tajiri asubuhi na maskini jioni. Neno la kujua ni «jumla». Ukiulizia kipande kimoja, utapewa bei ya rejareja. Ukisema unataka jumla, muuzaji anakutazama tena, anakupa kiti. Neno «kikwembe» halikuwafikisha mbali. Muuzaji wa kwanza alikunja uso, kisha akauliza, «Kitenge?» Tangu hapo wakasema kitenge, ijapokuwa Yaya kila mara alisahau. Tena ombeni risiti ya mashine kwa kila kitu, mkaitunze. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, lakini afisa wa forodha bado anataka karatasi, na bila karatasi maneno yenu hayana uzito.

Tulichopenda kuona ni jinsi walivyo tofauti katika kununua. Yaya ni mfanyabiashara. Huingia, hutaja idadi, hutaja bei, hutoka mlangoni kana kwamba anakwenda zake, huitwa, hurudi. Mdogo wetu ni fundi. Hugusa kitambaa, hukivuta kwa pembe, hulowesha kidole kwa mate na kusugua rangi, hugeuza upande wa nyuma. Anaweza kukaa dukani nusu saa akatoka bila kitu, na muuzaji akamshukuru. Mmoja aliona mwenzake anapoteza wakati. Mwingine aliona mwenzake anapoteza fedha.

Siku ya pili waliona kitambaa cha samawati kilicho na maua meupe. Walitazamana, nasi tulifurahi, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana. Mama alipenda samawati. Muuzaji alitaka shilingi 18,000 kwa kipande cha yadi 6. Yaya akamshusha hata 14,000 kwa vipande vyote 24. Mdogo wetu akasema, «Yaya, tuvikunjue.» Yaya akajibu kwamba yeye amenunua nguo kwa marobota miaka kumi na hajakunjua moja dukani, tena mtu akikunjua, muuzaji huona haya na kupandisha bei. Akalipa.

Jioni katika nyumba ya wageni mdogo wetu alitoa utepe wake wa kupimia. Kipande cha juu kilikuwa na yadi 6. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa na yadi 5 na robo. Akapima vyote, kimya, akiviweka mafungu mawili juu ya kitanda. Fungu la vipande pungufu likafika 15.

Yaya alisema kesho atarudi dukani, mambo yatatengenezwa. Ndipo mdogo wetu, bila kupaza sauti, akiendelea kukunja, akasema, «Yaya, wewe hutuma fedha tu. Ungalikuja kutazama mwenyewe, ungaliona.»

Ninyi mnaosoma mmekwisha kuelewa kwamba neno lile halikuwa la kitambaa. Sisi pia tulielewa, na tulinyamaza, kitu ambacho hatujisifii. Mtu aliyefundishwa miaka mingi kusema mbele ya watu angalipata la kusema mbele ya dada zake wawili.

Asubuhi Yaya hakuwapo. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Hakuwa na namba ya simu ya Tanzania, na mji ule una watu mamilioni. Tulimtafuta katika lile duka, katika Msimbazi, katika Mtaa wa Kongo juu na chini. Mdogo wetu alikuwa akimweleza kila machinga jinsi Yaya alivyovaa, na tulishangaa jinsi alivyojua yote: viatu, pete, kilemba kilivyofungwa, kovu la kidole cha kushoto alilolipata kwa kumkatia yeye muwa alipokuwa mtoto. Saa ya tatu ya kutafuta alianza kulia. Alilia huku akitembea, wala hakufuta machozi.

Tulimkuta katika Mtaa wa Uhuru, upande wa Mnazi Mmoja, ambako maduka ya kanga yamefuatana. Alikuwa ameketi juu ya kigoda ndani ya duka dogo, pamoja na mama mmoja mzee mwenye duka, wakinywa chai. Juu ya magoti yake palikuwa na doti moja ya kanga. Tuliingia tukasema «Jambo, mama,» kwa desturi ya kwetu. Akatutazama. Tukakumbuka mahali tulipo, tukasema «Shikamoo,» naye akaitikia «Marahaba, wanangu,» akaongeza vikombe viwili.

Kwetu kanga hazivaliwi sana, kwa hiyo yafaa kueleza. Kanga huuzwa mbili mbili, nguo mbili za namna moja zikiwa bado zimeungana, na hizo mbili ndizo doti. Pindo ni ile sehemu inayozunguka kama ukuta, katikati panaitwa mji, na chini ya mji kuna maneno machache yanayoitwa jina. Wanawake wa pwani wamezivaa tangu karne ya kumi na tisa, na watu husema ziliitwa kanga kwa sababu zile za kwanza zilikuwa na madoa meupe kama ndege kanga. Mtu akinunua doti, hukata katikati na kupinda ncha: moja hufunga kiunoni, moja hujitanda kichwani. Doti ile ya Yaya ilikuwa ya samawati na nyeupe, na jina lake lilikuwa HAKUNA KAMA MAMA. Tunajua ya kuwa maneno hayo yameandikwa juu ya kanga maelfu, na kwamba viwanda havikumfikiri mama yetu. Walakini, siku ile tulishindwa kuyasoma mpaka mwisho.

Mama mwenye duka hakuhubiri. Alimwambia mdogo wetu, «Keti karibu na dada yako, ana neno,» kisha akageuka kupanga majora yake yaliyokwisha kupangwa.

Yaya akasema, akiangalia chini. Katika Aprili ya mwaka ule wa ugonjwa mumewe alikuwa ameachishwa kazi mgodini. Fedha aliyotuma mara ya pili ilikuwa ya kukopa. Nauli ya ndege hakuwa nayo, na nguo za sokoni alikuwa amekwisha kuziuza kwa hasara ili watoto wasifukuzwe shuleni. «Kwa nini hukusema, Yaya?» Akajibu kwamba yeye ni mkubwa. Tangu tulipokuwa wadogo sisi ndio tulioomba kwake. Hakujifunza namna ya kuomba kwetu. Alimwambia mama huyu wa Mtaa wa Uhuru kwa sababu hakumjua, na kwa sababu alimkaribisha chai.

Mdogo wetu hakusema kitu. Alichukua mkono wa kushoto wa Yaya akaushika kwenye kile kidole chenye kovu. Walikaa hivyo muda mrefu, na wateja wawili waliingia wakatoka.

Baadaye mama mwenye duka alileta mkasi, akauliza kama aikate doti, kila mmoja apate nguo yake. Yaya akasema, «Mpe mdogo wangu zote mbili, yeye ndiye aliyemwuguza.» Mdogo wetu akasema, «Mpe Yaya, yeye ndiye aliyenunua.» Wakabishana, na kwa kweli ubishi ule ulikuwa mkali kuliko ule wa kitambaa. Mwishowe mama akarudisha mkasi kwenye meza, akaikunja doti nzima nzima, akaitia katika karatasi pamoja na risiti.

Mchana walirudi wote wawili katika lile duka la vitenge, Yaya mbele, mdogo na utepe wake nyuma. Sisi tuliachwa nje kulinda mizigo. Hatukuyasikia yaliyosemwa, tuliona tu muuzaji akipanda ngazi na kushuka mara tatu. Vipande 9 vilibadilishwa. Vile 6 vilivyobaki hakuwa na vingine vya rangi ile, akapunguza bei. Mdogo wetu alisema si neno, vitafaa kwa wasichana wadogo, ambao hawahitaji yadi 6. Kisha wakanunua nyuzi, vifungo, sufuria mbili, na taa ya jua kwa shangazi yetu wa Moba. Yaya alikunjua hata taulo, akalipima mbele ya watu, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana.

Siku ya Mungu tulisali katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, karibu na bandari, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Baada ya misa dada zetu walisimama penye ukuta wa bahari wakila mihogo ya kuchoma. Katika basi la kurudi Kigoma walituomba tuwapishe. Tukakaa kiti cha nyuma, na tangu Morogoro hadi usiku hatukupata hata nafasi ya kulala kwa mazungumzo yao.

Siku ya kuondoa matanga wanawake wetu wote 24 walivaa samawati. Wasichana sita walikuwa na sketi fupi kidogo, na bibi mmoja alinung'unika.

Siku ya posho, 16 Novemba 2024, ghorofa moja la maduka liliporomoka katika Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Habari zilipofika kwa redio, Yaya alimpigia simu mdogo wake toka Lubumbashi kabla hatujapata kumwambia: mama yetu wa chai yu hai? Namba ilikuwa juu ya risiti. Mdogo wetu alipiga siku ile yote, simu ikalia bila jibu. Siku ya Mungu jioni akaitikia. Duka lake, alisema, limesimama, lakini alikuwa amelifunga akaenda kungoja pamoja na jirani ambaye kijana wake alikuwa chini ya kifusi, na kijana huyo alikuwa ametolewa asubuhi ile, mzima. Sauti yake ilikuwa imechoka sana. Aliuliza habari za watoto, akauliza habari za matanga, kisha akauliza kama wameikata ile doti.

«Bado, mama,» akajibu mdogo wetu. «Sasa iko Lubumbashi. Yaya atakuja nayo Krismasi.»